Shokapu Nilizokununulia kwa Siri

Mtanda, Lindi
Ijumaa, baada ya alasiri

Mwanangu Rukia,

Wewe uko nyuma ya nyumba unaosha gari, nami nimejifungia chumbani na kalamu. Mama yako anadhani nimelala. Mambo ya chakula, milango na kupiga simu ukifika amekwisha kukueleza, tena kwa sauti iliyosikika mpaka kwa jirani, kwa hiyo mimi sitayarudia. Nataka kukuandikia habari za shokapu.

Najua utacheka. Mwalimu mstaafu ambaye maisha yake yote amemiliki baiskeli mbili tu, anamwandikia binti yake barua ya shokapu! Cheka, lakini soma mpaka mwisho. Yapo mambo ambayo nilipokuwa gereji kwa Fundi Chande niliyasema nusunusu, na sipendi uondoke kesho ukiwa na nusu.

Nianze na siku ulipolileta gari hilo. Nilikuwa nimesimama barazani na majirani wawili. Likaja, jeupe, la milango miwili, limeinama hadi tumbo linakaribia kugusa mchanga. Jirani yetu mmoja akaniuliza, “Mwalimu, hilo limeishiwa pumzi?” Nikaona aibu. Uliposhuka umejaa tabasamu, badala ya kukupongeza nikakuuliza:

“Limepata ajali?”

“Hapana, Baba. Limeshushwa.”

“Nani amelishusha?”

“Yule aliyeniuzia.”

“Basi mwambie aje alipandishe.”

Majirani walicheka, nawe ukacheka pamoja nao, lakini uliingia ndani mapema. Lilikuwa gari lako la kwanza. Ulikuwa umelinunua kwa mshahara wa miaka miwili ya kupima viwanja juani, na neno la kwanza la baba yako lilikuwa hilo. Hongera, mwanangu. Najua imechelewa kwa mwaka mzima, lakini ipokee.

Sasa nije kwenye safari ya Nyangamara. Ulipopata kazi Tanga nilikwambia kwamba mtu haondoki kimyakimya kama mgeni wa hoteli. Huwazungukia wakubwa wake akawaaga. Ukakubali bila kubisha. Tukaenda na gari lako, mimi nikiwa nimekunja magoti mpaka karibu na kidevu. Shangazi yako Somoe akatuchinjia kuku, akatuombea dua, kisha akaanza kutoa zawadi. Ulitoka mfuko wa ufuta. Zikafuata korosho, unga wa muhogo, mkungu wa ndizi na madumu mawili ya sijui nini. Ukaninong'oneza, “Baba, gari haliwezi. Huko nyuma springi zimekatwa, shokapu zenyewe zimechoka.” Unakumbuka nilivyokujibu? Nilisema zawadi ya mkubwa haikataliwi, na kwamba chuma hakiwezi kushindwa na ufuta.

Shangazi alipoona nimekubali, akaleta mfuko wa pili.

Chuma kilishindwa na ufuta. Tulikuwa hatujafika nusu ya njia ya vumbi, tukapita kwenye shimo ambalo baiskeli yangu ingelipita bila kustuka. Nyuma ikalia mlio mmoja mzito, halafu gari likaanza kuyumba. Ulishuka, ukalala chini na gauni lako zuri la kuagia, ukachungulia. Uliposimama ulikuwa na vumbi hadi kwenye nyusi. “Shokapu zote mbili za nyuma zimemwaga mafuta,” ulisema, “na springi ya kushoto imetoka kwenye kikalio chake.” Hukunilaumu. Ungenilaumu ningejua la kujibu. Uliirudisha springi kwa jeki na kipande cha mti, tukarudi Lindi kwa mwendo wa mtu anayesindikiza maiti, huku ufuta wa Shangazi ukitulia nyuma bila dosari.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili uripoti kazini. Akiba uliyokuwa nayo ilikuwa ya kodi ya chumba huko Tanga, nawe ulikuwa umekwisha kusema wazi: kazi ile inataka mtu mwenye usafiri wake, kwa hiyo bila gari hakuna kazi. Hilo nalitaja ili ujue kwamba nililielewa. Sikufanya nililolifanya kwa kudharau jambo lako.

Uliliacha gari kwa Fundi Chande, ukapanda basi kwenda Kilwa Masoko kukabidhi ofisi yako ya zamani. Siku mbili. Siku ya kwanza nilikaa nyumbani nikijilaumu. Ya pili nikaenda dukani kwa Anwar.

Anwar unamfahamu: baba yake aliuza spea hapohapo, babu yake aliuza majora ya vitambaa hapohapo, naye alikaa dawati la mbele darasani kwangu akiandika kwa mwandiko wa kuku. Akasimama nilipoingia.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Nipe shokapu za nyuma za gari la Rukia. Mpya. Sitaki za mtumba.”

Akaleta boksi mbili. Ndani, shokapu zinang'aa kama viatu vya Idi. Nikazipenda papo hapo. Akakuna kichwa, akasema, “Mwalimu, hizi ni za gari la urefu wa kawaida. La Rukia lilishushwa kwa kukatwa springi. Hazitaendana.”

“Anwar,” nikamwambia, “shokapu ni shokapu.”

“Sawa, Mwalimu,” akasema. Mtu mzima mwenye wajukuu, akanijibu kwa sauti ileile ya dawati la mbele. Angekuwa mteja mwingine angembishia mpaka jioni.

Nikazipeleka gereji. Fundi Chande akaitoa moja kwenye boksi, akaipima kwa shibiri, akaniambia tumsubiri mwenye gari. Nikamwambia mwenye gari ni mtoto wangu. Akazifunga. Alipomaliza, gari lilikuwa limenyanyuka kidogo nyuma, nami nikafurahi, maana nilidhani urefu ndio uzima.

Hapa ndipo nataka usome polepole.

Ulirudi, ukaliwasha, ukalizungusha hadi barabara ya chini na kurudi. Tulisikia unakuja kabla hatujakuona. Kila tuta, kelele mbili: springi iliyokatwa ikilegea na kucheza juu, kisha shokapu ndefu ikigota chini. Ukashuka umekunja uso, jambo ambalo wewe hulifanyi, ukauliza mbele ya watu wote pale gereji, “Nani amechagua hizi?”

Nami nikasema, “Fundi.”

Neno moja tu. Fundi Chande alikuwa ameshika spana, akanitazama, akainama tena kwenye kazi yake. Nawe ukasema kwamba kama ndiyo hivyo, kesho utalihamishia gari kwa fundi mwingine. Tukarudi nyumbani kwa miguu.

Sikulala vizuri, na wala si kwa ajili ya Chande peke yake. Nilimkumbuka fundi mwingine, ambaye sijawahi kukusimulia habari zake.

Nilipokuwa mwalimu mkuu Mitole, kabla hujazaliwa, tulijenga jukwaa la tenki la maji la shule. Fundi seremala wa kijiji, mzee mpole mwenye kikohozi, aliniambia mbao zile zinafaa jukwaa fupi. Mimi nilitaka liwe refu, lionekane kutoka barabarani, mkaguzi akija aseme, “Naam, hii ndiyo shule.” Likajengwa refu. Siku tulipojaza maji mara ya kwanza, lilipiga magoti mbele ya wanafunzi wote. Mtu hakuumia, alhamdulillahi. Kwenye mkutano wa wazazi nikaulizwa nani aliamua urefu ule. Nikasema ni fundi. Yule mzee alikuwepo. Alikohoa tu. Tangu hapo hakupewa kazi tena pale kijijini, na mwaka uliofuata akahamia kwa watoto wake, sijui wapi. Nilijiambia siku moja nitamtafuta nimwombe radhi. Nilikuwa na baiskeli, nilikuwa na likizo mbili kila mwaka, na sikumtafuta.

Kwa hiyo asubuhi, ulipokuwa unavaa viatu ili uende kumnyang'anya Chande gari, nilikuwa nimekwisha kutangulia. Ulinikuta pale gereji nimesimama katikati ya wateja kama mwanafunzi aliyechelewa. Nilisema kwa sauti niliyokuwa nikiitumia mstarini: “Rukia, shokapu hizi nilizichagua mimi. Anwar alinikataza, Fundi alinikataza, nikawalazimisha. Jana nilisema uongo.”

Nilidhani utakasirika. Ulinitazama kwa muda, mdomo ukaanza kukutetemeka, nikajua unalia. Kumbe unacheka! Ukacheka hadi ukashika bodi ya gari. “Baba,” ukasema, “nilijua. Fundi gani angefunga hizi? Nilikuwa nangoja tu.” Na Chande naye, bila kuinua kichwa: “Hata mimi nilikuwa nasubiri, Mwalimu. Nikasema, huyu akipita leo bila kusema, nampandishia bei.”

Watu walicheka gereji nzima. Nami nikacheka, mwanangu, na nakuandikia kwa dhati kwamba ilikuwa miongoni mwa asubuhi nzuri za uzee wangu. Miaka yote nilikuwa nikiogopa kwamba siku nitakaposema nimekosea, heshima itamwagika kama mafuta ya zile shokapu. Haikumwagika. Chande aliniletea kiti na chai, jambo ambalo hakuwahi kulifanya nilipokuwa sahihi.

Kisha likaja swali lenyewe la ununue nini. Nalikumbuka kwa sababu ndipo nilipogundua kwamba nawe ni mtoto wangu kwelikweli. Ulikuwa na picha kwenye simu: seti ya mtumba huko Dar es Salaam, ya rangi ya buluu, zile shokapu zenye nati za kupandisha na kushusha gari upendavyo. Ulizitazama kama mimi nilivyozitazama zile za kwenye boksi. Anwar, aliyekuwa amekuja kuzichukua shokapu zangu kwa nusu ya bei, akakwambia kwamba hapa pwani chumvi huzila nati hizo, na za mtumba mara nyingi zimekwisha kuganda. Unanunua kitu cha kurekebisha ambacho hakirekebishiki. Tena bei yake ingemeza kodi yako yote. Ulijua hayo. Lakini ulikuwa unazitaka.

Ukanigeukia. “Baba, ungekuwa wewe, ungechukua zipi?”

Nilikuwa na jibu. Unanijua, jibu ninalo daima. Nililimeza, nikasema, “Sijui, mwanangu. Muulize Fundi.” Sidhani kama uliona ilivyonigharimu.

Chande hakukutajia aina yoyote. Alikuuliza tu: “Utapita wapi, utabeba nini, na nyuma atakaa nani?” Ukawaza. Ukasema utapita lami hadi Tanga, halafu viwanja vya vumbi kila siku; utabeba vyombo vya kupimia; na nyuma hatakaa mtu, labda mizigo. “Basi hutaki gari la kurekebisha kila wiki,” akasema. “Unataka springi na shokapu zilizozaliwa pamoja.”

Hilo ndilo nililojifunza, na nimelielewa vizuri hata naweza kulifundisha. Springi hubeba gari. Shokapu huizuia springi isirukeruke. Kila moja imetengenezwa kwa urefu na ugumu wa mwenzake. Aliyekata springi zako alitaka urefu mfupi kwa bei ya msumeno, akawaacha hao wawili hawaelewani, ndiyo maana shokapu zilikufa. Mimi nikaja na shokapu mpya, nzuri, za gari jingine, nikazidisha ugomvi. Na wewe ulitaka kununua buluu.

Ukaichagua ile seti nyingine ambayo Anwar aliipata kwa binamu yake Dar: springi nne fupi, zilizotengenezwa fupi kiwandani wala hazikukatwa, na shokapu zake nne, zote zimetoka katika gari moja la aina kama lako. Za mtumba, nyeusi, zenye sura mbaya. Ziliposhushwa kwenye basi nilizibeba mwenyewe begani, nikasalimiwa njia nzima, “Mwalimu, leo umekuwa fundi?” nikajibu, “Naam.” Gereji ulizikagua moja moja kama nilivyokuwa nikikagua kucha. Ulitazama kama kuna unyevu wa mafuta, kama ule mti wa chuma wa katikati umepinda. Uliikandamiza kila moja hadi chini ukaiachia, irudi yenyewe taratibu. Ya tatu ilirudi kwa kusitasita. Ukaikataa. Anwar akaapa kwamba ni baridi ya asubuhi. Baridi, Lindi! Ukamwambia, “Anko, huko Dar wana baridi kuliko hapa?” Akapiga simu, ikaja nyingine kwa basi la kesho yake. Kodi yako ikabaki nzima kasoro kidogo, na hicho kidogo nimekiweka kwenye bahasha hii. Usinirudishie.

Gari sasa limesimama juu kuliko lilivyokuwa kwa vidole viwili. Ulihuzunika kidogo, niliona. Lakini bado li chini, bado jirani anauliza habari za pumzi zake.

Jana ulinipa ufunguo. Ulisema, “Endesha, Baba, usikie mwenyewe,” na nilipokwambia leseni yangu ni ya enzi za pikipiki ya idara, ukanipeleka kwenye ule uwanja mtupu wa mpira, ukakaa pembeni yangu. Nilipita kwenye mashimo yote ambayo mtu mwenye akili angeyakwepa. Gari likazama, likainuka mara moja, likatulia. Mara moja tu! Nikageuza, nikapita tena. Nilipopita mara ya nne ulikuwa umeshika dari kwa mikono miwili unapiga kelele, “Baba, inatosha!” nami sikutaka itoshe. Sikujua kwamba ninyi wenye magari mnayo raha hii na mnaificha.

Sasa la mwisho, halafu nitoke, maana mama yako ameita mara mbili.

Leo asubuhi shangazi yako Somoe alinipigia simu. Amekwisha kumpa dereva wa Hiace mifuko miwili ya ufuta na mmoja wa mbaazi, ije kwako uende nayo Tanga. Sikukwambia. Nilikaa na simu mkononi, nikafikiria ile springi iliyotoka kwenye kikalio, nikafikiria njia ndefu utakayopita peke yako. Huyu ni dada yangu mkubwa, Rukia. Alinibeba mgongoni. Tangu nizaliwe sijapata kumwambia hapana, hata mara moja. Nikampigia.

“Dada, shikamoo tena. Huo mzigo urudishe. Gari la mtoto halibebi.”

Nikasikia kuku wake wanalia huko nyuma.

“Bakari,” akasema, “umesema urudi?”

“Nimesema urudi, Dada. Nisamehe.”

“Wote?”

“Wote.”

Akaanza kucheka. Unamjua anavyocheka, kama mtu anayepukuchua mahindi. “Kumbe mdomo wa kukataa unao! Miaka yote hii nakuletea ufuta kila mavuno, sibakizi hata wa kuuza, nasema masikini ndugu yangu, mshahara wa ualimu haumtoshi. Hula?”

“Hatuli, Dada. Mama Rukia hugawa mtaa mzima.”

“Pumbavu wewe,” akasema. Kisha akamwita dereva, ambaye alikuwa hajafika mbali, arudi, nikamsikia akimpigia kelele kwa Kimwera, na aliporudi kwenye simu alikuwa bado anacheka. Amesema uende salama na kwamba mwaka huu ufuta atauuza, atanunua bati.

Basi, mwanangu, gari lako kesho litabeba nguo zako, vyombo vyako vya kupimia, na chupa ya chai ya mama yako ambayo sikuweza kuizuia. Utatoka saa kumi na mbili. Usitutafute kwenye kioo tukiwa mlangoni. Mama yako atakuwepo hapo, mimi hutaniona. Nitakuwa nimetangulia kule kwenye tuta la kwanza, nimechuchumaa kando ya barabara na Chande, tunatazama magurudumu ya nyuma. Ukipita, usisimame.

Mimi baba yako,
Bakari